Masurufu ya Safari ya Pangoni: Hesabu Huanzia Njia ya Kurudi

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimboni Wisconsin, Marekani, ulitoka mchezo wa Dungeons & Dragons, ulioandikwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Ulikuwa vijitabu 3 ndani ya boksi moja. Watu wakiusimulia huanza na mazimwi, wachawi na panga zenye nguvu za ajabu, na ni haki yao, maana mchezo umejaa hayo. Lakini katika kijitabu cha kwanza ipo orodha ya bei za vitu: kamba ya futi 50, upondo wa futi 10, misumari 12 mikubwa ya chuma, mienge 6, fanusi, chupa ya mafuta, kiriba cha maji, gunia dogo, gunia kubwa, posho ya wiki, kioo, kitunguu saumu cha kufukuzia wanyonya damu. Mchezaji hurusha dadu 3, huzidisha jumla kwa 10, na jibu ndiyo dhahabu aliyonayo. Kwa wastani ni vipande 105. Deraya ya bamba la chuma ni 50, kofia ya vita 10, ngao 10, upanga 10. Akishavichukua hivyo amebakiwa na 25. Posho kavu ya wiki ni 15 na fanusi ni 10. Dhahabu imekwisha, na bado hajanunua mafuta ya kutia kwenye fanusi, shanta ya kubebea posho, wala kiriba. Anashuka ardhini amevaa chuma tangu utosini, mkononi ana taa isiyowaka.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuuona, mchezo huu huchezwa mezani kwa mazungumzo. Mmoja ni msimamizi: yeye ndiye anayeijua ramani ya mapango, mitego iliyofichwa na viumbe wanaoishi humo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, hutamka mhusika huyo anafanya nini, na pale matokeo yanapokuwa na shaka dadu huamua. Kikosi hutoka kijijini, huingia mapangoni au nyikani, hutafuta hazina, kisha hurudi. Hilo la kurudi ndilo linalosahauliwa dukani. Wengi hufungasha kwa hofu: kila hatari wanayoifikiria huipatia silaha yake, mpaka shanta inajaa. Nionavyo mimi, kuchagua masurufu ya safari ya hatari ni kuamua mapema ni wapi kikosi kitageuka nyuma, na anayefungasha vizuri huanza kuhesabu kutoka mlango wa kutokea, akirudi kinyumenyume hadi kule kwenye hazina. Kikosi kisichofanya hesabu hiyo kinaweza kushinda kila pambano na bado kikafia njiani. Na meza ya wachezaji iliyoamua kuacha kabisa kuhesabu mienge na posho imeutoa mchezo moyo wake, hata kama haijatambua.

Ushahidi wa kwanza umo katika kanuni zenyewe. Chukua zile za mwaka 1981, zilizohaririwa na Tom Moldvay kwa wanaoanza na kuendelezwa na David Cook kwa safari za nyikani. Chini ya ardhi, muda hugawanywa katika zamu za dakika 10. Mwenge mmoja huwaka zamu 6, yaani saa moja. Chupa moja ya mafuta huiwasha fanusi zamu 24. Uzito hupimwa kwa sarafu, sarafu 10 kwa ratili moja. Mtu mwenye mzigo usiozidi sarafu 400 husogea futi 120 kwa zamu, mwendo wa tahadhari wa mtu anayechunguza na kuchora ramani. Mzigo ukipita sarafu 800 anashuka hadi futi 30. Na kila baada ya zamu 2 msimamizi hurusha dadu ya pande 6. Ikitoka 1, kiumbe mzururaji amewakuta njiani.

Sasa weka hazina umbali wa futi 1,200 kutoka mlangoni. Kwenda, kikosi kikiwa chepesi, ni zamu 10. Mwenge wa pili hauishi, na dadu ya wazururaji hurushwa mara 5. Uwezekano wa kufika bila kukutana na chochote ni kama asilimia 40. Kurudi, magunia yakiwa yamejaa dhahabu, ni zamu 40 kwa njia ileile. Hapo inahitajika mienge 7, dadu inarushwa mara 20, na uwezekano wa kutoka salama bila kukutana na chochote haufiki asilimia 3. Bado sijahesabu kanuni inayowataka wapumzike zamu moja katika kila zamu 6, wala muda wa kupekua vyumba, wala ukweli kwamba wanaorudi huwa wameshajeruhiwa. Mtu aliyenunua mienge 6 kwa kudhani mitatu ni ya kwenda na mitatu ya kurudi amekosea hesabu tangu dukani, na kosa lake litajulikana gizani, mbali na mlango.

Deraya nayo inageuka sura ukiitazama kwa jicho hilo. Ile ya bamba ina uzito wa sarafu 500. Aliyeivaa, hata akiwa hana kitu kingine mwilini, ameshaacha mwendo wa futi 120 na yuko kwenye 90. Akiokota vipande 301 vya dhahabu anaangukia futi 30. Mwenzake asiyevaa chuma, mwenye vitu vya uzito wa sarafu 100, anaweza kuokota vipande 700 kabla ya kufika hapo. Na dhahabu ndiyo iliyokuwa shabaha, kwani kanuni za zama hizo zilihesabu kipande kimoja cha dhahabu kilichofikishwa nje kuwa alama moja ya uzoefu, ilhali kuua viumbe kulileta alama kidogo sana. Waliouandika mchezo waliweka malipo kwenye kubeba na kutoka. Kwa hiyo gunia kubwa tupu, lenye nafasi ya sarafu 600, ni kifaa chenye thamani kuliko upanga wa pili, na nafasi iliyoachwa wazi ndani ya shanta ihesabiwe kama kitu kilichonunuliwa.

Mchezo wa kompyuta wa Darkest Dungeon, uliotolewa mwaka 2016 na Red Hook Studios ya Vancouver, Kanada, umelifanya jambo hili lionekane kwa macho. Kabla ya kila safari mchezaji hununua chakula, mienge, koleo, bendeji, dawa ya sumu, funguo na maji matakatifu, na vyote huingia katika nafasi 16 tu za mkoba. Nafasi hizohizo 16 ndizo zitakazopokea dhahabu, vito na vitu vya kale vitakavyookotwa. Kila nafasi inayojazwa na vifaa vya ziada ni hazina ambayo haitapata pa kukaa. Asiyebeba koleo, akikuta kifusi kimeziba ukumbi, mashujaa wake hulazimika kukichimbua kwa mikono, na hulipa kwa afya, kwa mwanga na kwa utulivu wa akili zao. Dakika ile ya dukani, kabla hata lango halijafunguliwa, ndiyo yenye uamuzi mzito kuliko mapambano mengi yanayofuata. Mchezaji hana habari kamili na hatazipata; anachoweza ni kukadiria na kukubali gharama ya makadirio yake.

Katika kukadiria huko, kigezo bora ni idadi ya matumizi ya kitu kimoja. Silaha hufanya kazi moja. Kamba hushusha watu shimoni, huvusha mto, huburuta sanduku, humfunga mateka, huunganisha wenzi wasipotezane kwenye ukungu, na ikifungwa usawa wa kifundo cha mguu kukatiza ukumbi humwangusha anayekimbiza. Misumari ya chuma hushikilia kamba hiyo ukutani, huzuia mlango usifunguliwe kikosi kikilala, na huzuia mwingine usijifunge nyuma yao. Kioo huchungulia pembeni mwa kona na kumtazama kiumbe ambaye kumwangalia usoni ni kugeuka jiwe. Unga au chokaa, vitu vya senti chache, huonyesha nyayo za asiyeonekana na kuweka alama ya njia. Upondo wa futi 10 umechekwa sana na wachezaji wa siku hizi, lakini una sababu yake. Katika Tomb of Horrors, safari aliyoiandika Gygax ikachezwa mashindanoni mwaka 1975 na kuchapishwa mwaka 1978, mwisho wa ukumbi kuna uso mkubwa wa shetani, kinywa wazi, ndani giza tupu. Mhusika anayejitumbukiza humo anatoweka moja kwa moja, bila pambano. Anayetumbukiza upondo kwanza huutoa ukiwa umekatwa, naye amejua. Kipande cha mti cha sarafu moja kimefanya kazi ambayo upanga wowote wa ajabu usingeifanya.

Nyikani hesabu huhama kutoka kwenye mwanga kwenda kwenye maji, na huko ndiko kunakoonekana kwamba kubeba peke yake hakutoshi. Toleo la 5 la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, linamtaka kila mtu apate ratili moja ya chakula na galoni moja ya maji kwa siku, na galoni 2 kwenye joto kali. Galoni moja ina uzito wa ratili 8 na kidogo. Mtu wa nguvu za wastani, alama 10, anaruhusiwa kubeba ratili 150, kama kilo 68. Safari ya siku 10 jangwani inamtaka abebe zaidi ya ratili 160 za maji peke yake. Hana upanga, hana hema, hana hata nguo, na tayari amezidisha. Kuongeza viriba hakutamfikisha. Kikosi kinachofikiri kwa kubeba tu kitakuwa kimeshindwa kabla ya kuanza.

Hapa historia ya ukanda wetu ina la kusema, maana hesabu hii ilifanywa na watu halisi na kulipwa kwa miguu yao. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji alibeba kama frasila 2, yaani ratili 70. Posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, karibu ratili moja na nusu. Kama mzigo wake wote ungekuwa chakula chake mwenyewe, ungemtosha siku 46 hivi. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara wake Machi 1871 na kufika Ujiji baada ya miezi 8 hivi. Msafara kama huo usingeweza kubeba chakula chake, na haukujaribu. Ulibeba merikani, kaniki, ushanga na waya wa shaba, ukanunua posho kwa wenyeji kituo kwa kituo na kulipa hongo kwa watawala wa njiani. Na ulipofika Mgunda Mkali, nyika kame kati ya Ugogo na Unyamwezi, wapagazi walitumia tirikeza: waliondoka mchana baada ya kunywa na kujaza vibuyu, wakatembea hadi usiku, wakalala pasipo kisima, wakayafikia maji siku ya pili. Badala ya kuongeza maji walibadili saa ya kuondoka, na kiu ya siku mbili ikawa kiu ya usiku mmoja.

Mchezaji mwerevu ana mengi ya kujifunza hapo. Sarafu anazotaka kununulia viriba 6 huenda zikafanya kazi zaidi mikononi mwa mchungaji anayejua visima viko wapi. Chumvi, nguo au shanga huweza kuwa posho ya mwezi mzima kama njiani kuna vijiji, na hazina faida yoyote kama njia ni magofu matupu. Basi swali la kwanza liwe nani anaishi huko. Kikosi kinaweza pia kufukia akiba ya maji na chakula njiani wakati wa kwenda, kikipunguza mzigo na kuihakikishia njia ya kurudi chakula chake. Haya yote ni masurufu, ingawa hayamo shantani.

Wapo pia wabebaji wa kuajiriwa, na mchezo wa zamani uliwapa nafasi kubwa. Kanuni za 1981 ziliufanya uwezo wa kuwapata na uaminifu wao utegemee haiba ya mwajiri, na zikaweka dadu ya kupima kama wataendelea kusimama hatari ikizidi. Hilo nalo lina ukweli wa kihistoria, kwani utoro wa wapagazi ndio uliovunja misafara mingi. Januari 1867 David Livingstone alipoteza sanduku lake la dawa lilipochukuliwa na watu waliotoroka msafara wake, akabaki miaka mingi bara akisumbuliwa na maradhi bila dawa hizo; alifariki mwaka 1873. Kosa la mpangilio liko wazi: dawa zote sanduku moja, sanduku kichwani kwa mtu mmoja. Mezani vikosi hurudia kosa hilo kila wiki. Kamba yote iko kwa mwenye nguvu kuliko wote, na yeye ndiye anayetumbukia shimoni. Mienge yote iko kwa aliyetangulia, na yeye ndiye anayesombwa na mto. Kugawa masurufu ni muhimu sawa na kuyachagua: kila mtu awe na mwenge wake, chombo cha kuwashia moto, maji na posho ya siku mbili, na kamba iwe angalau kwa wawili.

Wapo wanaopinga haya yote, na hoja yao ya kwanza ni kwamba yanachosha. Watu hukutana mezani baada ya wiki ya kazi. Hawataki kujumlisha ratili. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Kujumlisha uzito wa kila kitu kila mtu anapookota kijiko ni kazi ya karani, na meza nyingi ziliiacha kwa sababu hiyo. Lakini dawa ya kipimo kibaya ni kipimo kizuri. Shadowdark, mchezo wa Kelsey Dionne uliotoka mwaka 2023, umeacha ratili na kuweka nafasi: kila mhusika ana nafasi sawa na alama zake za nguvu, zisipungue 10, na vitu vingi huchukua nafasi moja. Hesabu hiyo huisha kwa kupiga jicho kwenye karatasi. The Black Hack, wa David Black, uliotoka mwaka 2016, ulikwenda mbali zaidi: kila kinachopungua hupewa dadu yake. Ukitumia, unarusha, ikitoka 1 au 2, unashuka kwenye dadu ndogo zaidi, kutoka pande 8 hadi 6 hadi 4, na hatimaye kitu kimekwisha. Ni njia nyepesi na ina msisimko, lakini kwangu ina upungufu mkubwa. Kifurushi kinachoanza na dadu ya pande 8 hudumu kwa wastani mara 9, na bado kinaweza kuisha mara ya 3. Mchezaji hawezi tena kusema kwa yakini kwamba mienge iliyobaki inamtosha kurudi, na kumnyima yakini hiyo ni kumnyima uamuzi wenyewe wa kugeuka. Nafasi zinazohesabika zinamwachia hatari na pia zinamwachia mpango.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: katika toleo la 2014 uchawi umeyamaliza maswali haya. Upo uchawi mdogo wa mwanga usio na kikomo, unaowaka saa nzima na kurudiwa upendavyo. Upo wa matunda 10, ambapo tunda moja humshibisha mtu siku nzima. Mhusika aliyelelewa nyikani anaweza, pale nchi inapokuwa na riziki, kujitafutia chakula na maji pamoja na wenzake 5. Jamii nyingi za wahusika huona gizani. Kwenye chakula hoja haifiki mbali, kwani uchawi nao ni masurufu: anayeanza ana nafasi 2 tu za uchawi wa aina hiyo kwa siku, na akitumia moja kwa matunda ameuza nusu ya nguvu zake. Huo ni uchaguzi halali na mzuri. Kwenye mwanga, hata hivyo, wapinzani wamesema kweli. Mwanga wa bure na macho ya kuona gizani vimelifuta swali la mwenge, na pamoja nalo imefutika saa iliyokuwa ikihesabu safari nzima. Naliona hilo kuwa hasara, na si mimi peke yangu. Shadowdark unawanyima wahusika wote wa wachezaji macho ya gizani, na mwenge wake huwaka saa moja ya kweli, saa ya ukutani pale mezani. Wachezaji wakibishana dakika 15 kuhusu mlango, robo ya mwenge imeteketea.

Wengine husema wamekuja kwa ajili ya hadithi, na hadithi haitoki kwenye orodha ya vitu. Fasihi iliyozaa michezo hii haikubaliani nao. J.R.R. Tolkien, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1954, anamfanya mhusika wake Sam akumbuke wakati wa kuondoka kwamba hakuchukua kamba, na jambo hilo linamkera. Anaipata baadaye kwa wenyeji wa msitu wa Lórien, na kamba hiyo ndiyo inayowashusha yeye na bwana wake kwenye majabali. Katika The Hobbit, cha mwaka 1937, msitu wa Mirkwood unatisha kwanza kwa sababu chakula na maji vinakwisha. Buibui wanakuja baadaye, na wanawakuta watu waliokwisha kudhoofika na kuiacha njia kwa njaa. Upungufu ndio ulioisogeza hadithi. Msimamizi anayetamka tu kwamba wahusika wamechoka na wana njaa anawaomba wachezaji wamwamini. Wakati mchezaji mwenyewe anaifuta posho yake ya mwisho kwenye karatasi kwa penseli, hahitaji kuambiwa.

Na wapo wanaohofu kwamba kuhesabu sana huzaa woga. Nadhani ni kinyume. Asiyejua amebakiwa na nini hukwepa kila njia ya pembeni, au huzivamia zote. Anayejua kwamba kurudi kunahitaji mienge 7 naye ana 9 anajua ana miwili ya kuthubutu nayo, na atathubutu kwa moyo mmoja.

Linabaki swali la nini kitupwe kwanza mambo yakiharibika, na vizuri kikosi kilijibu kabla ya kuondoka, maana kwenye kelele za kukimbizwa hakuna atakayejadiliana. Vizito vyenye kazi moja vitangulie: ngao ya akiba, silaha ya pili, hema. Dhahabu ifuate, na hapa wengi hugoma hadi wanakufa nayo. Maji na mwanga viwe vya mwisho kabisa. Chakula kina nafasi yake ya pekee. Kanuni za 1981 zinasema kwamba kikosi kinachokimbia kikiangusha chakula mbele ya kiumbe asiye na akili, au hazina mbele ya mwenye akili, dadu ya pande 6 irushwe; ikitoka 1 hadi 3, anayekimbiza anasimama kuokota. Kwa hiyo posho ya siku mbili iliyobaki shantani karibu na mlango, ambayo hakuna anayeihitaji tena kwa tumbo lake, ni nusu ya nafasi ya kuokoka, na mfungashaji anayelijua hilo huiweka juu kabisa ya mzigo, mahali ambapo mkono unaifikia bila kusimama.